Namna ya Kugawa na Kuoanisha Matabaka ya Miamba: Mwongozo kwa Mifano ya Olduvai, Turkana na Kilwa

Kazi ya kupanga historia ya miamba ina sehemu mbili ambazo wanaoanza huzichanganya mara nyingi. Ya kwanza ni kugawa, yaani kuutazama mfululizo wa matabaka mahali pamoja na kuamua wapi sehemu moja inaishia na nyingine inaanzia. Ya pili ni kuoanisha, yaani kuthibitisha kwamba tabaka la hapa na tabaka la mbali, pengine lenye rangi na umbile tofauti kabisa, yaliwekwa wakati mmoja. Kugawa kunahitaji macho, subira na daftari. Kuoanisha kunahitaji ushahidi, na kwa maoni yangu hakuna uoanishaji unaostahili kuandikwa kwa wino kabla haujashikiliwa na njia mbili zisizotegemeana. Mifano mingi ya mwongozo huu inatoka Olduvai nchini Tanzania na bonde la Turkana nchini Kenya, kwa sababu huko karibu njia zote kuu zimejaribiwa juu ya miamba ileile, na zilipokosea kosa lilionekana hadharani.

Anza na mwamba, umri uje baadaye

Kanuni inayobeba kazi nzima iliandikwa na Nicolaus Steno mwaka 1669: katika matabaka ambayo hayajapinduliwa, la chini ni kongwe kuliko lililo juu yake. Chagua basi mahali ambapo matabaka yameachwa wazi, kama vile korongo, ukingo wa mto, machimbo ya kokoto au mlima uliokatwa kupitisha barabara, kisha uhakikishe kwamba hakuna mpasuko wa ardhi uliolifanya tabaka moja lionekane mara mbili. Ukuta unaoonekana safi kwa mbali kwa kawaida umefunikwa na udongo ulioporomoka kutoka juu, na sampuli iliyochukuliwa katika udongo huo haina thamani. Chimba mfereji mwembamba au ngazi kwa sururu mpaka uufikie mwamba usiochakaa, na uende kutoka chini kupanda juu, kwa maana ndivyo matabaka yenyewe yalivyowekwa na ndivyo daftari litakavyosomwa.

Vifaa ni vichache: nyundo, tepu, dira yenye kipimo cha mwinamo, lenzi ya kukuza mara 10, kichupa cha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, mifuko ya sampuli, penseli na daftari. Tone la asidi likitoa povu, mwamba una chokaa. Katika maeneo ya malikale nyundo haitolewi mkobani kabla ya kibali kupatikana. Nchini Tanzania maombi ya utafiti hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia, na wasimamizi wa eneo lenyewe nao wana kauli.

Matabaka yakiwa yamelala sawasawa, unene hupimwa wima. Yakiwa yameinama, mwenye haraka hujidanganya kwa kupima urefu wa ardhi na kuuita unene. Pima kwa pembe mraba na uso wa tabaka, au kama ardhi ni tambarare, pima urefu kuelekea upande matabaka yanakoinamia kisha uuzidishe kwa sini ya pembe ya mwinamo. Mita 20 za ardhi tambarare juu ya matabaka yaliyoinama nyuzi 30 ni mita 10 tu za unene halisi.

Kwa kila tabaka andika rangi, ukubwa wa chembe, aina ya mwamba, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) vilivyomo, na zaidi ya yote namna linavyopakana na lile la chini yake. Mpaka unaobadilika taratibu, mchanga ukizidi kuwa mwembamba mpaka ukawa udongo mfinyanzi, unaeleza jambo moja. Mpaka mkali wenye kokoto, alama za mizizi au nyufa za tope lililokauka unaeleza jambo jingine kabisa. Huo wa pili mara nyingi ni pengo: muda ambao mashapo, yaani mchanga na tope linalotulia, hayakuwekwa, au yaliwekwa kisha yakamomonyolewa. Sentimita mbili za mpaka zinaweza kuficha muda mrefu kuliko mita 30 zilizo juu yake, na anayelipuuza pengo atayaoanisha matabaka yasiyohusiana huku hesabu zake zote zikionekana safi.

Sasa gawa. Mwaka 1913 Hans Reck, mwanajiolojia kutoka Ujerumani, aliugawa ukuta wa Olduvai katika matabaka makuu matano, kila moja likiwa na matabaka madogo mengi ndani yake, akayapa namba I hadi V kutoka chini. Hakuwa na tarehe hata moja. Alitazama rangi, aina ya mashapo na mipaka inayoonekana kwa jicho, na nadhani ni kwa sababu hiyo mgawanyo wake umedumu zaidi ya karne wakati makadirio ya umri yamebadilika mara nyingi. Richard Hay, aliyechapisha utafiti wake mkubwa mwaka 1976, aliigawa upya sehemu ya juu, na leo juu ya Tabaka la IV tunataja Masek, Ndutu na Naisiusiu. Hay huyo huyo anafundisha unyofu katika jambo moja dogo. Tabaka la III hujulikana kwa wekundu wake upande wa mashariki wa korongo, lakini ukielekea magharibi wekundu unafifia hadi mtu hawezi kulitenga na Tabaka la IV. Hay hakulazimisha mpaka usiokuwapo. Aliyaandika pamoja kuwa matabaka ya III na IV yasiyogawanyika. Rangi ni zao la mazingira ya mahali, na mazingira hayakuwa sawa korongo zima.

Kipande cha mwamba chenye sura moja kinachoweza kuchorwa kwenye ramani huitwa fomesheni. Fomesheni huweza kugawanywa kuwa memba, na fomesheni kadhaa zinazohusiana huunda kundi. Pwani ya kusini ya Tanzania kuna Kundi la Kilwa, lenye fomesheni za Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande kutoka chini kwenda juu. Majina yote ni ya mahali, wala hakuna lenye umri ndani yake, na ndivyo inavyotakiwa. Fomesheni moja inaweza kuwa kongwe upande mmoja na changa upande wa pili, kwa mfano mahali ambapo ufuo wa bahari ulihama polepole ukiacha mchanga uleule kila ulipopita. Anayedhani kwamba mchanga huo wote ni wa siku moja kwa kuwa unafanana amekwisha kuanguka kabla hajaanza kuoanisha.

Visukuku

William Smith, mpimaji wa mifereji aliyechapisha ramani yake ya jiolojia ya Uingereza mwaka 1815, aligundua kwamba matabaka yanayofanana kwa macho yanaweza kutofautishwa kwa visukuku vilivyomo, na kwamba visukuku hivyo hufuatana kwa mpangilio uleule kila mahali. Njia hii bado ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, na mara nyingi ndiyo sahihi zaidi. Kiumbe kinachofaa ni kile kilichoenea haraka, kikawa kingi, kikabadilika umbo upesi na kutoweka mapema. Kobe aliyebaki vilevile kwa mamilioni ya miaka hasaidii kitu.

Kwa matabaka ya bahari, foraminifera ndio wanaotegemewa zaidi. Ni viumbe vya chembe moja wenye ganda dogo ambalo wengine huhitaji hadubini kuliona vizuri, na kijiko kimoja cha udongo kinaweza kuwa na mamia yao. Loweka udongo mpaka ulegee, upitishe kwenye chekeche nyembamba chini ya maji, ukaushe mabaki, kisha uyachambue kwa brashi yenye unyoya mmoja au miwili. Udongo mfinyanzi wa Kilwa na Lindi umewahifadhi vizuri kiasi kwamba maganda bado yanang'aa kama kioo, na ndiyo maana wachimbaji wa Mradi wa Uchorongaji wa Tanzania walitoboa visima vya utafiti huko. Katika visima vya Pande wamepata mwisho wa jamii ya Hantkenina, foraminifera wanaotambulika kwa miiba mirefu yenye uwazi ndani. Kutoweka kwa jamii hiyo ndiko kunakotia alama mpaka kati ya Eosini na Oligosini, epoki mbili zinazofuatana za muda wa jiolojia, takriban miaka milioni 33.9 iliyopita, na mahali rasmi pa mpaka huo ni Massignano, karibu na Ancona nchini Italia, ulikoidhinishwa mwaka 1992 kwenye kimo cha mita 19 za mfululizo wa hapo. Mtafiti mwenye sampuli kutoka Pande na mwenzake aliye Italia wanaweza kuweka kidole kwenye tukio moja bila hata kujua umri wake kwa miaka.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni kwamba kutoonekana kwa kiumbe si ushahidi kwamba hakikuwapo. Huenda maji yalikuwa na kina kisichomfaa, au ganda liliyeyuka. Kabla ya kusema umefika mwisho wa kiumbe fulani, chukua sampuli nyingi zilizokaribiana juu na chini ya mpaka unaoudhania. La pili ni kwamba visukuku husafiri: mto unaomomonyoa tabaka kongwe huweza kuziweka tena chembe zake ndani ya tabaka changa, na hapo aliyesoma ganda moja tu husoma umri wa uongo.

Matabaka ya nchi kavu ni magumu zaidi. Huko Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi, ambako msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, mifupa yenyewe haikutosha kueleza ni ya lini, kwa kuwa dinosaria wengi wa hapo hawakujulikana kwingine. Kilichosaidia ni kwamba matabaka ya mifupa yamepishana na matabaka ya bahari yenye kome na amonaiti, na viumbe hao wa baharini ndio walioiweka mifupa katika Jurasi ya Juu, yaani miamba ya sehemu ya mwisho ya kipindi cha Jurasi. Ukikuta mahali ambapo bahari na nchi kavu zimeingiliana namna hii, tumia muda wako mwingi hapo.

Majivu ya volkeno

Tabaka la jivu la volkeno, liitwalo tufu likishagandamana, ni zawadi kwa mtu anayeoanisha. Volkeno hulipuka, jivu huanguka kwa siku au majuma, na kwa vipimo vya jiolojia muda huo ni sawa na kufumba na kufumbua. Kila mahali lilipoangukia, ziwani, tambarareni au sakafuni mwa bahari, tufu hiyo ni wakati mmoja. Aidha kila mlipuko una mchanganyiko wake wa kemikali, kwa hiyo tufu mbili zinaweza kulinganishwa kama polisi wanavyolinganisha alama za vidole.

Chukua sampuli kutoka sehemu ya chini ya tufu iliyo safi, siyo ya juu ambako maji yaliirudia na kuichanganya na mchanga. Maabara hupima chembe za kioo cha volkeno moja moja, wakitafuta viwango vya chuma, kalisi, titani, manganizi na vingine. Usilinganishe elementi moja au mbili. Volkeno ileile hulipuka tena na tena kwa magma inayokaribiana. Linganisha elementi nyingi, kisha uangalie kama mpangilio wa tufu zilizo juu na chini unakubaliana nao.

Mfano mzuri ni Tufu ya Tulu Bor ya Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana. Kemia yake ilionyesha kwamba ni ileile iitwayo Sidi Hakoma huko Hadar, Ethiopia, umbali wa takriban kilomita 900, na jivu lake limepatikana pia katika mashapo yaliyochorongwa chini ya Ghuba ya Aden. Umri wake ni karibu miaka milioni 3.4. Kwa jivu hilo moja, visukuku vya wanadamu wa kale wa Hadar, mashapo ya Turkana na foraminifera wa bahari vinaingia katika ratiba moja, jambo ambalo mifupa peke yake isingeliweza.

Olduvai ina tatizo lake. Ziwa la kale la hapo lilikuwa na maji ya chumvi na magadi, na maji hayo yaligeuza sehemu kubwa ya kioo cha tufu kuwa udongo na zeolaiti, madini mengine kabisa. Kioo kikishageuka, kemia yake ya asili imepotea. Watafiti wa hapo wamelazimika kupima madini yaliyostahimili, kama feldspa, ojaiti na oksidi za chuma na titani, ili kuzifuata tufu kutoka upande mmoja wa korongo hadi mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kulipia vipimo vya kioo, tazama kwanza chini ya hadubini kama kioo bado kipo.

Sumaku ya miamba

Lava inapopoa, au mashapo laini yanapotulia, chembe zenye chuma hujipanga kufuata sumaku ya dunia ya wakati huo. Sumaku hiyo imegeuka mara nyingi, ncha ya kaskazini ikawa kusini na kusini ikawa kaskazini, na mageuzi hayo huikumba dunia nzima kwa pamoja. Tangu takriban miaka 773,000 iliyopita tumo katika kipindi cha kawaida, yaani ncha zikiwa kama za leo, kiitwacho Brunhes. Kabla yake kulikuwa na kipindi kirefu kilichogeuka kiitwacho Matuyama, na ndani ya Matuyama kuna kipande kifupi cha hali ya kawaida, kuanzia takriban miaka milioni 1.93 hadi milioni 1.78 iliyopita. Kipande hicho kinaitwa Olduvai kote duniani, kwa kuwa kilitambuliwa katika lava za Tabaka la I. Wanaochunguza tope la sakafu ya Pasifiki wanalitaja jina la korongo la Wamaasai kila wanapokutana na alama hiyo.

Weka alama ya mwelekeo wa kaskazini na mwinamo juu ya sampuli kabla ya kuing'oa, la sivyo sampuli haina maana. Maabara huipasha moto hatua kwa hatua ili kuondoa sumaku ya baadaye, ikiwemo ile iliyoachwa na radi, ambayo huharibu sampuli nyingi za vilele na miinuko. Kumbuka pia kwamba kuna majibu mawili tu, kawaida au kugeuka, kwa hiyo tabaka moja la hali ya kawaida linaweza kuwa la kipindi chochote cha namna hiyo. Njia hii huanza kusema pale tu mfululizo unapokuwa mrefu na una walau tarehe moja ya kuushikilia.

Umri kwa miaka, na funzo la Tufu ya KBS

Potasiamu-40 iliyomo katika madini ya volkeno hugeuka polepole kuwa kalisi na agoni. Nusu yake huisha katika muda wa takriban miaka bilioni 1.25. Agoni ni gesi, na katika magma ya moto hutoroka, hivyo fuwele inapoganda huanza kuhesabu kutoka sifuri. Kwa njia hii Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza mwaka 1961 kwamba sehemu ya Tabaka la I ina miaka milioni 1.75, umri uliowashtua wengi wa wakati huo. Siku hizi hutumika zaidi njia ya agoni-agoni, ambapo sampuli hupigwa kwanza kwa nyutroni katika tanuri la nyuklia, kisha fuwele moja tu hupimwa. Kwa miamba mikongwe zaidi hutumika urani na risasi ndani ya fuwele ngumu ziitwazo zirkoni. Kaboni-14, ambayo wasomaji wengi huijua, haifai zaidi ya miaka 50,000 hivi, na kuitaja katika mazungumzo ya dinosaria ni kosa.

Mtu asidhani kwamba namba ikishatoka maabara mjadala umekwisha. Sampuli za kwanza za Tufu ya KBS ya Koobi Fora zilitoa umri wa zaidi ya miaka milioni 200, jambo lisilowezekana kwa mashapo yale. Wapimaji, Frank Fitch na Jack Miller, walitambua kwamba chembe kongwe zilikuwa zimechanganyika na jivu, wakachagua fuwele upya, na mwaka 1970 wakachapisha miaka milioni 2.61. Namba hiyo ilipata uzito mkubwa baada ya fuvu mashuhuri la mwanadamu wa kale, namba 1470, kupatikana chini ya tufu hiyo mwaka 1972.

Waliokataa walikuwa wataalamu wa nguruwe. Nguruwe wa kale wa Afrika Mashariki walibadilika meno yao upesi, na Basil Cooke aliona kwamba nguruwe waliokuwa chini ya Tufu ya KBS walifanana na wale wa bonde la Omo nchini Ethiopia na wa Olduvai wenye takriban miaka milioni 2, siyo karibu milioni 3. Mwaka 1975 Curtis na wenzake walipima tena, wakapata 1.82 kwa sampuli za eneo moja na 1.60 kwa za eneo jingine, na ubishi ukazidi. Uliisha pale kemia ya kioo ilipoioanisha KBS na tufu iitwayo H2 ya Omo, na vipimo vipya, vikiwemo vya Ian McDougall, vilipoangukia karibu miaka milioni 1.88. Nguruwe walikuwa sahihi. Somo kwa mtendaji ni kuchagua pumisi, jiwe jepesi la volkeno lenye matundu, badala ya jivu lililochanganyika, kupima fuwele moja moja, na kuitilia shaka namba inayopingana na visukuku mpaka pande zote mbili zichunguzwe upya.

Tabaka lenyewe likikosa cha kupimwa, umri wake hukadiriwa kati ya tufu mbili. Tuseme tufu ya chini ina miaka milioni 1.85, ya juu ina milioni 1.80, na kati yao kuna mita 12.5 za mashapo. Hiyo ni miaka 50,000 kwa mita 12.5, au miaka 4,000 kwa kila mita, kwa hiyo jino lililopatikana mita 5 juu ya tufu ya chini lina takriban miaka milioni 1.83. Hesabu hii inadhania kwamba mashapo yaliwekwa kwa kasi moja bila pengo, na ndiyo maana ile kazi ya kuchunguza mipaka haikuwa ya bure.

Kuunganisha na chati ya dunia

Hadi hapa tumeunganisha mahali na mahali. Chati ya kimataifa inasimamiwa na Tume ya Kimataifa ya Stratigrafia, nayo hugawa muda katika eoni, era, vipindi, epoki na eji, kutoka mgawanyo mkubwa hadi mdogo. Kila mgawanyo wa muda una mwenzake wa mwamba, na maandishi mazuri hayavichanganyi: tunasema Jurasi ya Juu tukitaja miamba, na Jurasi ya Mwisho tukitaja muda ambao miamba hiyo iliwekwa.

Mpaka wa chati ni nukta moja katika mwamba mmoja mahali pamoja duniani, nukta ambayo wanajiolojia huiita msumari wa dhahabu. Wa kwanza uliwekwa mwaka 1972 huko Klonk, katika Jamhuri ya Cheki ya leo, kuonyesha mwanzo wa kipindi cha Devoni kwa kutokea kiumbe kiitwacho Monograptus uniformis. Mahali panapochaguliwa pawe na mashapo ya bahari yasiyo na pengo, yenye unene wa kutosha, visukuku vingi, na ikiwezekana sumaku na tufu pia, tena pafikike. Umri kwa miaka huweza kurekebishwa kila vipimo vinapoboreka, lakini nukta haihami mpaka tume ipige kura. Hata hoja yenye mvuto mkubwa inaweza kukataliwa, kama ilivyotokea mwaka 2024 pendekezo la kuianzisha epoki mpya ya Anthroposini, yaani enzi ya binadamu, lilipoangushwa.

Kwa miamba ya kabla ya wanyama wenye maganda, mambo ni mengine. Granaiti za Mwanza na Tabora ni sehemu ya mwamba mkongwe wa katikati ya Tanzania wenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na hakuna kisukuku kitakachousaidia. Huko mipaka mingi imewekwa kwa namba tupu, mathalani miaka bilioni 2.5 kati ya eoni za Akia na Proterozoiki, na zirkoni ndiyo kila kitu. Upande wa mashariki, katika Ukanda wa Msumbiji, miamba ilipikwa upya karibu miaka milioni 650 hadi 550 iliyopita, hivyo zirkoni moja inaweza kuwa na kiini chenye umri mmoja na gamba la nje lenye umri mwingine. Piga picha ya fuwele kabla ya kuchagua pa kupima, na useme ni tukio gani unalolitaja: kuzaliwa kwa mwamba au kupikwa kwake.

Kuandika matokeo

Chora safu ya matabaka kwa kipimo, mita upande wa kushoto, kisha weka kando yake nguzo za visukuku, tufu, sumaku na umri, kila moja peke yake. Unapochora mstari wa kuoanisha kutoka safu moja hadi nyingine, andika juu yake unashikiliwa na nini. Mstari unaoshikiliwa na sura ya mwamba pekee uchorwe kwa nukta. Kila umri uandikwe pamoja na kiwango cha shaka, njia iliyotumika na madini yaliyopimwa.

Kwenye lebo ya sampuli andika kwanza kimo na tufu iliyo karibu, kisha ndipo jina la epoki. Olduvai inaonyesha sababu. Tabaka la I linafungwa na tufu iitwayo IF, yenye takriban miaka milioni 1.80. Mwaka 1985 mwanzo wa epoki ya Plaistosini uliwekwa Vrica, Calabria, kusini mwa Italia, katika nukta ambayo sasa inakadiriwa kuwa na miaka milioni 1.80, karibu na mwisho wa kile kipande cha sumaku cha Olduvai. Kwa mpaka huo, karibu Tabaka la I lote lilihesabika kuwa la Pliosini, epoki iliyoitangulia. Mwaka 2009 mwanzo wa Plaistosini ulihamishiwa Monte San Nicola, Sicilia, kwenye miaka milioni 2.58, na Tabaka la I likaingia Plaistosini bila chembe yake moja kuguswa. Nukta ya Vrica ikabaki kuwa mwanzo wa eji ya Kalabria. Kisanduku kilichoandikwa "Pliosini" tu kililazimika kufunguliwa na kusomwa upya, ilhali kilichoandikwa "Tabaka la I, mita 3 chini ya Tufu IF" kilibaki sahihi. Taja pia katika ripoti ni toleo gani la chati ya tume ulilotumia, mwezi na mwaka wake, kwa kuwa umri wa mipaka hurekebishwa katika matoleo mapya.